Nilimlisha Kabla ya Nusu Kaputi, Sasa Mtaalamu wa Usingizi Anaadhibiwa

Mama Serafina, shikamoo. Mshauri wangu, nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu nimeitwa hospitali mbele ya kamati kueleza nilichokiona, na hicho nilichokiona nilikifanya mwenyewe kwa mikono yangu hii.

Kwetu hasa ni Kagongwa lakini naishi huku kwenye machimbo upande wa Geita, nina watoto watatu, na mume wangu Ngusa, baba Mayala, ni mchimbaji mdogo, anashuka kwenye duara, ndiyo shimo lenyewe la dhahabu, tangu hatujaoana. Huku kwetu mwanamume hashuki duarani na tumbo tupu, analishwa saa kumi na moja alfajiri, kiporo, michembe ya viazi, chochote kinachokaa tumboni, ndipo anavaa tochi yake anaondoka, na mimi nilikuwa nafanya hivyo kila siku isipokuwa siku moja, miaka sita iliyopita, tulikuwa tumegombana kwa jambo la kijinga kabisa, nikanuna, sikuwasha moto, akaondoka hajala, na siku hiyohiyo saa tano duara likabomoka, wenzake wawili wakafia mlemle, yeye wakamtoa ameumia mgongo. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mama Mayala, usiniache tena nikaingia shimoni na njaa," nami nikaapa, na tangu hapo hata niwe na homa naamka.

Sasa mwaka huu akapata ngiri, uvimbe mkubwa tu tumboni, daktari akasema apasuliwe mapema kabla utumbo haujabanwa ukaoza, na kwa sababu ya ule mgongo ulioumia wakasema sindano ya mgongo haimfai, watamlaza usingizi kabisa, hii tunayoita nusu kaputi. Akalazwa wodini. Jioni akaja binti mmoja, Noela, ndiye mtaalamu wa usingizi, akatueleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba kuanzia saa sita usiku asile chochote, uji asinywe, maziwa asinywe, maji matupu atakunywa mpaka yeye atakapotuambia basi. Nilimsikia vizuri. Sitaki kukudanganya kwamba sikumsikia.

Lakini mama, ilipofika saa kumi na moja alfajiri mwili wangu ukaamka wenyewe, nikamkuta mume wangu amekaa kitandani anaangalia mlango, anaogopa, mtu ambaye nimemwona akining'inia kwenye kamba futi mia na hajali, akaniambia, "Na leo ni shimo vilevile, unaniacha niende hivihivi?" Nikashindwa. Nilikuwa na michembe niliyoichemsha jana yake kwenye kibanda wanakopikia ndugu wa wagonjwa, na mtindi kwenye kidumu, nikajaza bakuli, nikalifunika kwa kanga nikaingia nalo, akala yote na mtindi akaumaliza, akacheua, akacheka kidogo, akasema sasa yuko tayari. Mama mkwe wangu alikuwa amejilaza chini kwenye mkeka, nikadhani amelala, lakini nilipogeuka kulichukua bakuli halikuwepo, ameshalibeba ameenda kuliosha, na mpaka leo hajasema neno.

Saa tatu wakamwita. Noela akatusimamisha mlangoni akauliza, "Baba, tangu saa sita usiku umekula au umekunywa chochote?" Ngusa akaniangalia mimi. Nikajibu mimi, "Hajagusa kitu." Yule binti akanigeukia akasema, "Mama, niambieni kweli, sitawagombeza, tutaahirisha tu." Nami nikasema, "Haki ya Mungu hajala." Niliapa, mama. Nilikuwa nawaza wakiahirisha tunarudi mwisho wa foleni na ngiri inazidi kuvimba, halafu nikawaza michembe nayo ni kitu gani, ni viazi tu vilivyokaushwa.

Haikuchukua muda nikasikia watu wanakimbizana mle ndani. Alitapika akiwa usingizini, yale matapishi yakaingia kwenye mapafu. Upasuaji haukufanyika. Amekaa kwenye oksijeni siku tano, midomo ya bluu, mimi nimekaa chini ya kitanda nahesabu pumzi zake, nikisikia inachelewa nasimama. Mungu ni mwema amepona, amebaki na kikohozi kidogo, lakini ngiri iko palepale na wamempangia tena Alhamisi ijayo.

Sasa shemeji yangu Bujiku, kaka yake Ngusa, ana mdomo yule, kila kijiwe amepita anasema kale kabinti kalizidisha dawa, akapeleka na malalamiko ya maandishi, Noela wamemtoa kazini yuko nyumbani wiki ya tatu hii anasubiri hiyo kamati ya Jumatatu. Juzi nimekutana naye sokoni ananunua dagaa, akanisalimia yeye wa kwanza, "Shikamoo mama, baba anaendeleaje?" nikashindwa hata kuitikia marahaba, nikapita kama sijamwona.

Ngusa ananiambia nyamaza, tukisema watakataa kumpasua na kaka yake atanifukuza. Na kweli Bujiku keshanitupia neno, anasema mwanamke ambaye mume wake anaponea chupuchupu mara mbili aangaliwe vizuri, na wewe unajua huku kwetu neno kama hilo, la uchawi, huwa linaishia wapi. Kuna jingine pia sijalisema, Ngusa ana kiungulia cha miaka, akilala chali tu kinampanda kooni, analala ameegemea gunia la nguo na anatafuna magadi, lakini walipouliza kama ana ugonjwa mwingine tulisema hana, maana kiungulia nani anakiita ugonjwa?

Nifanyeje, mama? Nikisema nimeharibu nyumba yangu, nikinyamaza namharibia mtoto wa mwenzangu kazi yake. Na hiyo Alhamisi, kweli nimwache aingie mle bila kitu kabisa, au nimpe japo uji mwepesi? Kile kiapo changu bado nakiogopa.

Mimi Mama Mayala.

MAMA SERAFINA ANAJIBU

Marahaba, Mama Mayala. Ile namba uliyoiandika nyuma ya bahasha nimeipiga mara nne, imezimwa, kwa hiyo nimembana mhariri barua yako iruke foleni na itoke Ijumaa hii. Majina yote nimebadilisha na hospitali nimeificha. Sasa tafuta pa kukaa, maana nitakusema.

Pole kwanza. Pole ya kweli, siyo ya mdomoni. Siku tano za kuhesabu pumzi za mtu nazijua, nimekuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka kumi na tisa kabla sijapewa ukurasa huu, na wake za watu nimewaona wakikaa chini ya vitanda kama wewe. Unampenda mumeo, hilo halina ubishi.

Lakini uji mwepesi! Mama wewe! Umelia kurasa tatu mpaka karatasi imelowa, halafu mwishoni unaniuliza habari za uji mwepesi? Nilivua miwani nikaitupa mezani. Mtu nusura umzike, na bado hakuna aliyekueleza kwa nini. Basi nakueleza mimi, na ukishaelewa usiniulize tena.

Pale juu ya tumbo, koo la chakula linapoingilia, kuna msuli unaobana kama kamba iliyofunga mdomo wa kiroba. Huo ndio unaozuia chakula kisirudi juu. Dawa za nusu kaputi kazi yake ni kulegeza mwili mzima ili daktari aweze kupasua, na zinapolegeza mwili hazichagui, zinalegeza na msuli ule. Kamba imefunguka. Sasa kama kiroba kimejaa na mtu amelala chali, kilichomo kinapanda. Wewe ukilala kwako usiku, ukipaliwa na mate tu unakurupuka unakohoa, si ndiyo? Aliyelazwa kwa dawa hakurupuki. Kikohozi nacho kimelazwa. Mlango wa njia ya hewa uko wazi na hakuna mlinzi, yanaingia mapafuni michembe, mtindi, na ile tindikali ya tumbo inayounguza kila inapopita. Ndicho kilichompata baba Mayala. Wala haihitaji dawa kuzidishwa. Kipimo cha kawaida kabisa, kwa mtu aliyeshiba, kinatosha.

Na mtindi usidhani ni kama maji. Tumboni maziwa yanaganda yanakaa saa nyingi kama chakula kingine, ndiyo maana binti aliyataja kwa jina lake. Tena mtu mwenye hofu tumbo lake linasimama, na dawa kali za maumivu zinalisimamisha zaidi, kwa hiyo alichokula alfajiri, ilipofika saa tatu bado kipo karibu chote. Halafu huyu wenu ana kiungulia kinachompandia kooni hata akiwa macho! Maana yake ile kamba yake ilikuwa imelegea siku zote, hata kabla ya dawa. Mkaona si ugonjwa. Mtu analala ameegemea gunia miaka na miaka, mnaulizwa, mnasema hana kitu. Jamani!

Ungeyasema hayo mlangoni pale, wangeahirisha, au kama haiwezekani kuahirisha wangemlaza kwa namna nyingine. Zipo dawa za kupunguza makali ya tindikali anazopewa mapema. Anainuliwa kichwa. Wana namna ya kumlaza haraka na kuweka mpira kwenye njia ya hewa kabla tumbo halijapata nafasi ya kuleta fujo. Yote hayo Noela anayajua, ndiyo kazi aliyosomea. Alichokuwa anahitaji kwenu ni jibu la kweli tu, mkamnyima, tena kwa kiapo.

Kuhusu kile kiapo kingine, cha duara. Nimekisoma mara mbili, kimenigusa. Lakini mama, duara lilibomoka kwa sababu ukuta haukushikiliwa na miti ya maana, halikubomoka kwa sababu jiko lako lilikuwa baridi. Wale wawili waliokufa si walikuwa wamelishwa na wake zao? Kosa la mwamba umelibeba miaka sita kama lako. Litue. Na mumeo akikwambia mezani pa upasuaji ni shimo, mkatalie. Shimoni anashika kamba, anagonga jiwe, anahitaji nguvu. Mezani hafanyi kazi hata moja, wanaofanya kazi ni wengine, nguvu anawekewa kwenye dripu. Alhamisi usimpe michembe, usimpe uji, usimpe maziwa wala magadi ya kutafuna. Maji matupu atakunywa mpaka saa watakayowaambia, na vidonge vyake vyovyote waulizwe wao. Mkono ukikuwasha kupika, pika, ukale wewe nje huko, maana wewe ndiye utakayesimama kutwa nzima.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Leo hiihii Ijumaa nenda kwa mama mkwe wako. Ndiyo, kwake. Barua yako nzima unamwogopa Bujiku, na hujaona ulichokiandika mwenyewe: yule mama aliliosha bakuli. Angekuwa anakutakia mabaya angeliacha palepale, au angelibeba mpaka kwa Bujiku. Amekuficha wiki tatu na hajakutoza hata neno. Piga goti, mwambie, "Mama, uliniona. Nataka kwenda kusema, naomba twende wote." Bujiku ana mdomo kwa wengine, lakini mbele ya mama yake aliyemzaa tutaona kama utafunguka. Mama mkwe ndiye amwambie, kwa Kisukuma chao, wakiwa wamekaa. Na akiendelea kutupa maneno ya kuangaliwa vizuri, usiyacheke wala usiyanyamazie. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda dawati la jinsia pale polisi, useme nani kasema nini na siku gani. Maneno ya namna hiyo yanakatwa yakiwa machanga.

Kesho Jumamosi asubuhi mwende hospitali. Usisubiri Jumatatu. Ukisema mbele ya kamati watadhani umebanwa. Ukienda mwenyewe watajua umekuja. Mwombe mganga mfawidhi dakika kumi. Sema yote bila kupunguza: saa kumi na moja alfajiri, michembe, mtindi, bakuli zima. Sema Noela alitukataza jana yake jioni. Sema aliuliza, akasisitiza, akasema hatatugombeza, na mimi nikaapa uongo. Usiseme "labda alikula kidogo." Usiseme "nilisahau." Waombe karatasi, liandikwe, uweke sahihi au dole gumba, nakala iingie kwenye faili la mumeo. Kisha sema habari za kiungulia, gunia la nguo na magadi. Hawatakataa kumpasua, mama. Huo ni woga wa baba Mayala unaongea. Huenda wakasogeza tarehe mpaka mapafu yatulie vizuri, huenda mtaalamu wa usingizi akakaa na nyie nusu saa kuuliza maswali. Jibuni yote. Siku hizi za kusubiri, ngiri ikigeuka kuwa ngumu, ikauma, akaanza kutapika, msisubiri tarehe wala gazeti, mkimbizeni saa hiyohiyo, na hapo pia semeni alichokula na saa aliyokula.

Na wewe baba Mayala, najua unasomewa hii. Swali uliulizwa wewe. Mdomo ulikuwa wako, ukamgeuzia mkeo macho, akadanganya kwa niaba yako, na sasa unamwambia anyamaze. Mwanamume anayeshuka futi mia asishindwe kufungua mlango wa ofisi. Kesho utakaa kwenye kiti kando yake, na sentensi ya kwanza utaisema wewe: "Nilikula, na nilijua sikutakiwa kula."

Unaogopa kuharibu nyumba yako. Ngoja nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa.

Tulikuwa na mtaalamu wa usingizi, nitamwita Herman, mpole, mikono yake haitetemeki hata kukiwa na nini. Siku moja tulimlaza mtoto wa miaka minne, upasuaji mdogo tu. Herman alimuuliza mama yake mtoto kama Noela alivyokuuliza wewe. Mama akasema hajala. Mtoto akatapika kama mumeo, ila yeye hakurudi. Kamati ikakaa, haikupata kosa lililo wazi, Herman akaambiwa arudi kazini. Alirudi wiki moja, akaacha. Akahamia Maganzo akafungua duka la spea za pikipiki.

Miaka kumi na moja baadaye yule mama alinikuta kwenye mazishi huko Nyahanga, akanivuta pembeni, akaniambia alimpa mtoto uji asubuhi ile kwa sababu alikuwa analia. Alinisihi nisimwambie mtu. Nilimkatalia. Kesho yake nikapanda gari mpaka Maganzo, nikamkuta Herman anafunga cheni ya pikipiki ya mteja, nikamwambia palepale amechuchumaa. Hakusimama. Akasema, "Dada Serafina, miaka yote hii nilikuwa najua nimemuua mimi." Akalia mbele ya mteja, mtu mzima na ndevu zake. Miaka kumi na moja hairudishwi.

Noela yuko wiki ya tatu. Nendeni kesho asubuhi.

Serafina, wa ukurasa huu